Ukienda Materuni, Kandambili Waachie Wenyeji

Ndugu na marafiki wanaopanda Moshi kwa mara ya kwanza hawaniulizi habari za Kibo. Kibo walishaachana nacho mapema, kwa gharama yake na kwa baridi yake. Wanachouliza ni hiki: wapi pa kutembea nusu siku, tuone msitu na maji, watoto wasichoke, na mama mkwe asije akatusema mpaka Pasaka? Huwa nawaambia Materuni, kisha nawaomba wakae kidogo kabla hawajakata simu, kwa sababu neno lenyewe peke yake halitoshi.

Materuni ni kijiji cha Uru Mashariki, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kama kilomita 15 kutoka Moshi mjini. Ukishakipita kijiji na vihamba vyake unaingia msituni. Ndani ya korongo lake maji yanashuka kwenye ukuta wa mwamba ambao urefu wake hutajwa kuwa mita 80 hivi, yanaangukia kidimbwi, kisha yanaendelea bondeni kwa kelele zake. Kutoka magari yanapoishia mpaka pale chini ni mwendo wa dakika 45 hadi saa moja, kutegemea mnasimama mara ngapi kupiga picha. Njia inapanda na kushuka kwa upole, na hakuna mahali pa kukwea kwa mikono. Ukiilinganisha na Sanje kule Udzungwa, ambako maji yanaporomoka mita 170 na kupanda kwake kunamaliza magoti, Materuni ni matembezi ya Jumamosi.

Shida inaanzia hapo hapo. Kwa kuwa kila mtu ameambiwa ni rahisi, watu wanaiendea kama wanakwenda dukani. Nimeona viatu vya kisigino kwenye njia ile. Nimeona gauni la harusi, na bwana harusi aliyebeba mkia wa gauni huku yeye mwenyewe akiwa na kiatu cha ngozi kinachong'aa. Sijui picha zilitokaje, lakini uso wake naukumbuka.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza sikuwa na akili zaidi ya huyo bwana. Nilivaa raba nyeupe zilizolika soli, suruali ya jinzi, simu mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Robo saa haikuisha kabla sijakaa kwenye tope mara mbili, na mara ya pili nilikuwa bado namweleza mwenyeji wetu ilivyokuwa hata nikaanguka ile ya kwanza. Nyuma yetu akatokea mama mmoja mtu mzima, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, panga mkononi, kandambili miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole."

Hakusimama. Alinipita ukingoni, upande wa bondeni, mahali ambapo mimi nisingethubutu kuweka mguu, na alipokuwa hatua tatu mbele akasema bila kugeuka: "Usikanyage mizizi."

Nilimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba, na ushauri wote ninaotoa leo kuhusu njia ile nimeutoa kwenye miguu yake. Alipiga hatua fupi, fupi kuliko tunavyotembea mjini. Alishusha unyayo mzima kwa pamoja, hakutanguliza kisigino. Palipoteremka aligeuza mguu kidogo upande, kama mtu anayeshuka ngazi nyembamba. Na hakuegemea nyuma. Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu, maana mtu akiogopa kuanguka mbele anajivuta nyuma, uzito wote unakwenda kisiginoni, na kisigino ndicho kinachoteleza. Legeza magoti, inama kidogo kuelekea unakokwenda, mguu utashika.

Mizizi ikilowa ni kama imepakwa mafuta. Mawe yenye utando wa kijani ni ndugu zake. Salama ni udongo uliochanganyika na kokoto, au nyasi fupi za ukingoni, mradi umeona kwamba chini ya hizo nyasi kuna ardhi. Udongo wa Kilimanjaro ni wa volkano, umeoza na kulainika kwa karne nyingi, na ndio huo unaoikuza migomba mpaka ikafunika nyumba. Ukinyeshewa unakuwa mfinyanzi. Unashika soli, unajaa kwenye mistari yake, na baada ya hatua ishirini umevaa kiatu kingine kisicho na meno. Kila mara gonga kiatu kwenye jiwe au shina, utoe lile tope, uendelee. Inachosha, lakini kukaa chini kunachosha zaidi.

Kwa hiyo kiatu kwanza. Huhitaji buti la kupandia mlima. Raba yenye meno ya kina, iliyokwisha kuzoea mguu, iliyofungwa kamba vizuri, inatosha. Ya mtumba kutoka soko la Memorial pale Moshi itafanya kazi kuliko mpya ya dukani yenye soli laini ya kutembelea kwenye marumaru. Soksi jozi mbili, moja ya kurudia. Kiatu cha wazi, hata kile chenye mikanda, kina ubaya wake mwingine: msimu wa mvua siafu wanakatiza njia, na atakayewakanyaga akiwa na vidole nje atakumbuka vizuri kuliko atakavyoyakumbuka maporomoko. Kandambili waachie wenyeji. Wao wamezaliwa juu ya ule mteremko.

Fimbo nayo ni ya kila mtu, msidhani ni ya wazee tu. Iwe imefika karibu na kifua, ishikwe kwa mkono wa upande wa bondeni wakati wa kushuka. Mara nyingi mwenyeji anayewaongoza atakuwa nazo. Kama hana, mwombeni awatafutie, msijikatie wenyewe. Kile unachokiona kama kichaka cha njiani ni mali ya mtu.

Nalo hili nalitilia mkazo kuliko kiatu. Njia ya Materuni, kwa sehemu kubwa, haipiti msituni kama mnavyofikiri. Inapita vihambani. Kihamba ni shamba la Mchaga lenye nyumba yake, makaburi ya babu zake, ng'ombe wake bandani na urithi wake wote. Juu kuna miti mirefu iliyoachwa makusudi, mringaringa na mingineyo. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa magimbi na maharage. Mgeni anaona kivuli na ubaridi akadhani ni pori. Si pori hata kidogo, kila mti una mwenyewe. Msitu wa kweli mnauona mkishasogea ndani ya korongo, pale kuta zinapokaribiana, kangaga zinaponing'inia kwenye mwamba na ukungu wa maji unaanza kugusa uso.

Yale majani marefu ya kijani yaliyopandwa mstari kando ya njia ni masale, na yamewekwa pale kuonyesha mpaka. Kwa Wachaga sale ni kitu kizito: hilo hilo linalotenga kihamba na kihamba ndilo linalobebwa na mtu anapokwenda kuomba msamaha, na aliyepelekewa hana urahisi wa kukataa. Usilichume ili upigie picha. Na ukipita mbele ya nyumba, salimia. Sauti itokee hata kama humwoni mtu, kuna mtu. Wachaga wa Uru hawatakuomba salamu, lakini kundi la watu kumi na wawili linalopita uani kwa watu likicheza muziki kwenye spika ya mkononi linakumbukwa, na wanaofuata nyuma yenu ndio wanaonuniwa.

Mtakutana pia na mfongo. Ni mfereji wa maji uliochimbwa kwa mkono, mwembamba, unaofuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno hata unadhani maji yanapanda. Wachaga walikuwa wakichimba mifongo zamani kabla ya mkoloni: wanakinga maji juu kabisa ya korongo, wanayazungusha ubavuni, wanayafikisha kwenye vihamba vya mgongoni ambavyo kijito hakivifikii. Zamu ya maji ina utaratibu wake, na mfongo una wenyewe. Sasa fikiria mtoto wako anaruka ndani yake, anabomoa kingo, au anaziba njia kwa mawe ili atengeneze bwawa. Huku chini mtu anashangaa maji yamekata. Mwache aweke karatasi ikaelee, ainuke, twende. Na usioshee viatu humo.

Wengi wanaamini kwamba maji hayo yote ni ya barafu ya Kibo iliyoyeyuka. Lakini sehemu kubwa mno ya maji ya mito ya mlima ule ni ya mvua inayonyesha msituni. Hilo lina maana kwa matembezi yako, kwani mvua ya juu huwezi kuiona ukiwa chini. Unaweza kusimama kidimbwini jua linawaka, huku juu msituni wingu limepasuka saa nzima iliyopita. Dalili ni tatu nami nazifundisha watoto kabla ya kuondoka: maji yakibadilika rangi kuwa ya kahawia, yakianza kuleta majani na vijiti, au mngurumo wake ukibadilika ghafla. Ukiona moja tu kati ya hizo, toka majini, usirudi kuchukua kiatu, panda upande uliokuja. Usivuke kwenda ng'ambo, maana utafungiwa huko.

Kuhusu kuogelea, nina msimamo ambao wenzangu wanauita wa kizee. Ingia mpaka magotini, au kiunoni kama unajua kuogelea, na ukae mbali na pale maji yanapopiga. Maji yanayoanguka kutoka juu vile yanaweza kuja na jiwe au tawi, na hayatakutumia ujumbe. Kupiga mbizi usithubutu. Chini kuna mawe, na maji yenye povu hayaonyeshi kina. Tena ni baridi. Baridi ya kukata pumzi, ya kweli, mtu anaingia akicheka na kicheko kinakwama kooni. Ingia taratibu, lowesha mikono na shingo kwanza. Hakuna mwokoaji pale. Ni wewe, mwenyeji wenu, na ile saa moja ya kurudi barabarani.

Sabuni na shampuu ziache nyumbani. Maji hayo yanakwenda kunywewa na ng'ombe na watu huko chini.

Msimu. Masika, Machi hadi Mei, maporomoko yana nguvu na uzuri wa kutisha, ila njia ni ile niliyoeleza, mara tatu yake, na barabara ya kupandia nayo inadai gari linalovuta kwa magurudumu yote manne na dereva asiye na haraka. Januari na Februari ni kukavu, anga liko wazi na asubuhi mnaweza kuuona mlima. Maji yanapungua lakini hayakatiki. Julai na Agosti kuna ubaridi na mawingu ya siku nzima, watu wa Dar huja na fulana halafu wanagombania sweta moja. Mimi nikiulizwa nichague nachagua mwisho wa Juni: maji bado mengi ya masika, njia imeanza kukauka, wageni wa Desemba hawajafikiriwa. Desemba yenyewe, kuanzia Krismasi mpaka mwaka mpya, iogope. Wachaga wote wamerudi nyumbani, na nusu yao wamekumbuka siku moja kwamba kuna maporomoko.

Siku mliyochagua, muwe mmeanza kutembea saa mbili au saa tatu asubuhi. Mchana na jioni mawingu hupenda kushuka mlimani, na pamoja nayo manyunyu. Korongo lile ni refu na jembamba, jua linaingia chini likiwa juu, kwa hiyo mkifika saa nne hivi mna muda wa kulisubiri lifike. Likifika, na manyunyu yakiwa mengi, mnaweza kuona upinde wa mvua chini ya miguu yenu.

Watoto wa miaka sita na kuendelea wanatembea wenyewe na kurudi wakilalamika tu njaa. Mdogo zaidi abebwe mgongoni kwa kanga mbili, moja ya kumfunga na nyingine ya akiba, na mbebaji asiwe yule anayependa kupiga picha. Mzee mwenye magoti mabovu naye anaweza kwenda nusu njia na kubaki kwa wenyeji akipiga stori. Nimeona wazee waliofurahia siku hiyo kuliko waliofika majini. Kwa kiti cha magurudumu njia ile haipitiki. Kwa familia isiyotaka kutembea sana kuna Kinukamori kule Marangu, ni mbali kidogo kutoka Moshi lakini maporomoko yenyewe hayako mbali na barabara, ingawa nako kuna ngazi za kushuka.

Begi liwe moja kwa watu watatu. Maji ya kunywa, nguo kavu za kubadilisha, kanga au kikoi cha kujifutia na kujistiri, koti jepesi la mvua, plasta. Nguo ya kuogelea ivaliwe ndani, na ukirudi kupitia vihambani uwe umeshajifunga. Pale ni nyumbani kwa watu. Simu na hela zitieni kwenye kopo la chakula lenye mfuniko unaobana. Zamani tungetumia rambo, ila mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli kopo ni bora zaidi kwa sababu hata likianguka majini linaelea. Manyunyu ya pale hayafanani na manyunyu ya bomba. Upepo wa maji unayasukuma mpaka mita nyingi kutoka kidimbwini, kioo cha kamera kinalowa kabla hujakielekeza. Piga picha ukiwa nyuma, kwenye kona ya mwisho kabla ya kushuka, halafu weka simu ndani usogee ukiwa na mikono mitupu.

Fedha. Kuna kiingilio cha kijiji, mgeni na mwananchi wanatofautiana, nenda na noti ndogo na uombe risiti. Mwongozaji chukueni wa pale pale kijijini. Bei ipatanwe barabarani, kabla ya hatua ya kwanza, na iwe wazi inabeba nini: kiingilio kimo au hakimo, kahawa imo au haimo, chakula kimo au hakimo. Ugomvi wote niliowahi kuushuhudia Materuni ulizaliwa na neno moja, "tutaelewana". Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kundi zima mjini kwa mtu aliyejiita wakala, tukafika juu tukakuta hakuna aliyetusikia. Tangu siku hiyo nalipa kule kule, kwa mkono, kwa anayetembea na mimi.

Kahawa msiiache. Mkirudi kutoka majini mmelowa na mnatetemeka, mtakuta moto wa mafiga matatu na kinu. Buni kavu inatwangwa mpaka ganda litoke, inapepetwa kwenye ungo, inatiwa chunguni na kukorogwa bila kuachwa mpaka ibadilike kutoka kijivu kuwa kahawia na ianze kupasuka pa, pa, kama bisi za uvivu. Halafu kinuni tena, halafu chekecha, halafu maji ya moto. Wimbo wa kutwangia ni wa kuwachangamsha wageni, najua, na bado nikipewa mchi naimba. Mkumbuke kwamba zao hilo halikuja kwa ajili ya watalii: chama cha ushirika cha KNCU kilianzishwa 1933, na wazee wengi wa pande zile walisomesha watoto kwa gunia. Nunueni nusu kilo kwa mkono wa aliyeikaanga. Mtori ukiwepo, kunyweni. Mbege ni hiari, lakini anayeendesha gari apitwe na kata, maana ile barabara ina kona.

Kushuka mjini, walio na gari wanajijua. Wa daladala ulizeni asubuhi, kabla hamjashuka kwenye gari, la mwisho linaondoka saa ngapi, na mlipunguzie saa nzima. Lisipojaa halitoki, likijaa haliwasubiri, na bodaboda ya kushuka Uru gizani huku umelowa ni adhabu.

Ukifika nyumbani, zile raba usizifue usiku huo huo. Tope la Uru likiwa bichi linapakaa, ukilisugua linaingia ndani ya kitambaa na halitoki tena. Ziweke barazani zilale huko. Kesho yake mchana zigonge moja kwa nyingine, nalo litapukutika lenyewe.